Rayners Lane na Rafu za Vitabu: Matembezi ya Mzazi, Bibi na Mjukuu



Wazazi kadhaa wameniuliza swali moja kwa njia mbalimbali: tuwasomee nini watoto wetu wadogo, na sisi wenyewe tusome nini jioni za baridi zinapokuwa ndefu na jua linapozama kabla ya saa kumi na moja? Swali hili ni jema, wala halijibiki kwa orodha ya majina matupu. Kitabu ni mfano wa mgeni: yafaa kwanza tujue anatoka wapi, ana tabia gani, na nani atakayempokea mlangoni. Kwa hivyo nimeona bora nikuchukueni matembezi katika kitongoji chetu cha Rayners Lane, ambacho baadhi yenu ndimo mnamokaa na wengine hukiona kupitia dirisha la treni tu. Kila tutakaposimama nitakutajieni kitabu kimoja au zaidi, na mwisho wa safari kila mtu atachukua kinachomfaa.

STESHENI

Tuanze stesheni, kwani bila ya reli pasingekuwa na Rayners Lane. Njia ya Metropolitan iendayo Uxbridge ilifunguliwa mwaka 1904, na kituo kidogo cha hapa kikafuata mwaka 1906. Wakati huo palikuwa ni mashamba na njia ya udongo. Katika miaka ya 1930 wajenzi waliyanunua mashamba hayo na kuyajaza nyumba zile zinazofanana kama mayai, zenye kibustani mbele na bustani nyuma. Inaandikwa kuwa mwaka 1930 abiria wa kituo hiki walikuwa kiasi cha 22,000, na kufika mwaka 1937 walikuwa milioni 4. Jengo tunaloliona leo, lenye ukumbi mrefu wa matofali na vioo juu ya daraja, lilimalizika mwaka 1938, na wasanifu wake ni Charles Holden na Reginald Uren.

Nakutajieni hesabu hizi kwa sababu maalumu. Zinatuonyesha kuwa hapa takriban kila mtu ni mhamiaji au mtoto wa mhamiaji. Waingereza wa mwanzo walikuja kutoka katikati ya jiji wakitafuta hewa safi. Baadaye wakaja Wahindi wa Kenya, hasa mwaka 1968, na wa Uganda waliofukuzwa mwaka 1972, na wengi wao hata leo husema Kiswahili cha sokoni bila ya kukwama. Kisha tukaja sisi wa visiwani na wa mwambao. Hapana katika sisi aliyeikuta hadithi ya bibi yake ikimngoja chini ya mti wa hapa. Kila jamii ilibidi ije na hadithi zake mkononi, na asiyekuja nazo watoto wake hupewa za wengine peke yake. Si vibaya kupewa za wengine. Vibaya ni kutokuwa nazo zako za kuziweka kando yao.

ALEXANDRA AVENUE: MKONGA WA TEMBO

Tukitoka stesheni na kuteremka Alexandra Avenue, tutaona jengo la ajabu ambalo watoto hulipenda kuliko maduka yote. Mbele yake kuna nguzo iliyopindwa mfano wa mkonga wa tembo. Lilijengwa mwaka 1936 kuwa sinema, kwa jina la Grosvenor, na msanifu wake alikuwa F. E. Bromige. Filamu zilikoma zamani, na sasa ni kituo cha jamii ya Wazoroastro, ambao sisi wa Unguja tuliwajua kwa jina la Waparsi. Vijana hufurahi wakiambiwa kuwa yule mwimbaji maarufu Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alitoka katika jamii hiyo. Basi hata mkonga huu wa tembo una ujamaa na nyumbani.

Mbele ya tembo huyu ndipo mahali panapofaa kulijibu lalamiko nililolisikia mara nyingi: kuwa vitabu vya watoto vya hapa vimejaa wanyama wanaosema, wanaovaa suruali na kunywa chai, na kuwa mambo hayo ni ya upuuzi na si ya mila zetu. Wazazi wenzangu, wanyama wanaosema ni wetu kabla hawajawa wa Waingereza. Kitabu cha Kalila wa Dimna kilitiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya nane, kutokana na asili ya Kihindi, na ndani yake simba na mbweha hushauriana kama mawaziri. Humo mna kisa cha nyani na kobe wa majini aliyetaka kumchukulia moyo wake. Kisa hicho kilivuka bahari, na kilipofika Unguja yule kobe akageuka papa. Edward Steere alikikuta huko na kukichapa hapa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili. Angalieni safari hiyo: Bara Hindi, Uarabuni, Unguja, London. Sungura na fisi wa mabibi zetu nao ni wa ukoo huo huo. Kwa hivyo mtoto akikuleteeni kitabu cha mnyama anayesema, msikitupe. Mwambieni kuwa na sisi tunao, kisha mmhadithie wetu.

Kitabu cha kwanza ninachokupendekezeeni ni cha mnyama wa namna hiyo: The Tiger Who Came to Tea cha Judith Kerr, kilichotoka mwaka 1968. Chui milia anabisha hodi, anakaribishwa kwa heshima, anakula na kunywa kila kilichomo nyumbani, kisha anaaga na kwenda zake. Mswahili yeyote amewahi kuwa na mgeni wa aina hiyo! Mwandishi mwenyewe alizaliwa Berlin mwaka 1923, na familia yake ikakimbia Ujerumani mwaka 1933, yeye akiwa na umri wa miaka tisa. Kiingereza alichoandikia kitabu hiki hakikuwa lugha ya mama yake. Hilo pekee linatosha kuwapa moyo watoto wetu.

Najua kuwa mahali pamoja katika kitabu hicho chui anakunywa bia ya baba. Mzazi mmoja alitaka kukirudisha maktaba kwa sababu hiyo. Rai yangu ni kuwa mtoto wa hapa ataiona bia katika duka la jirani kabla hajaiona kitabuni. Afadhali akutane na neno hilo pajani pa mama, na mama amwambie kwa upole kuwa sisi hatunywi na kwa nini, kuliko akutane nalo peke yake. Kitabu kinachozua swali jema si kitabu kibaya.

IMPERIAL DRIVE: PAHALA PALIPOKUWA NA MAKTABA

Sasa tupite upande wa Imperial Drive. Hapa palikuwa na maktaba ya Rayners Lane. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa karibu, na kwa mama mwenye kigari cha mtoto na mwengine anayemshika mkono, ukaribu ndiyo nusu ya maktaba. Mwaka 2015 manispaa ya Harrow ilifunga maktaba nne kwa ajili ya kubana matumizi: hii ya Rayners Lane, ya North Harrow, ya Hatch End, na ya Bob Lawrence iliyoko Edgware. Sheria ya mwaka 1964 inazitaka halmashauri zitoe huduma ya maktaba iliyo kamili na yenye ufanisi, lakini haisemi ni majengo mangapi.

Sisimami hapa kulaumu. Nasimama ili tufahamu jinsi maktaba inavyofanya kazi, kwani wengi wetu hudhani kuwa vitabu vimewekwa pale milele kama mawe ya msingi. Si hivyo. Kila kitabu kinapoazimwa huhesabiwa. Kitabu kisichoazimwa kwa muda mrefu huondolewa rafuni, kikauzwa kwa senti chache au kikatupwa, ili nafasi yake ichukuliwe na kinachotakiwa. Vivyo hivyo, fedha za bajeti zinapopungua, hutazamwa maktaba ipi inatembelewa zaidi na ipi kidogo. Maana yake ni kuwa anayeazima kitabu anapiga kura, hata kama hajui. Na lugha ambayo wenyewe hawaiombi katika kaunta ya maktaba huhesabiwa kuwa haina wenyewe.

BASI H12: ROXETH NA PINNER

Maktaba zilizo karibu nasi sasa ni mbili, na basi namba H12 linaziunganisha zote. Ukilipanda kuelekea South Harrow utafika maktaba ya Roxeth, katika Northolt Road. Ukilipanda upande wa pili utafika maktaba ya Pinner. Kadi ni bure kwa mkubwa na mdogo. Pale Roxeth, au kwa kuwaomba wakutubi wakuletee kutoka tawi jingine, tafuteni vitabu hivi.

Handa's Surprise cha Eileen Browne, mwaka 1994. Handa ni msichana wa Kijaluo, kusini magharibi ya Kenya. Anabeba kapu la matunda saba kichwani kumpelekea rafiki yake Akeyo, na njiani wanyama wanaliiba moja baada ya jingine bila ya yeye kujua. Maneno ni machache sana, na hadithi ya kweli imo katika picha. Ndiyo maana nakiweka mbele ya vyote kwa ajili ya mabibi. Namjua bibi mmoja, mzaliwa wa kusini ya Unguja, ambaye hasomi Kiingereza, na mjukuu wake wa miaka minne hakuwa akisema Kiswahili zaidi ya salamu. Walikuwa wakipendana lakini hawana la kuzungumza; bibi humlisha, mjukuu hula, kisha kila mmoja hutazama upande wake. Walipopewa kitabu hiki, bibi alianza kutaja: ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, embe mafuta, pesheni, na chenza mwishoni. Baba wa mtoto, ambaye amekulia Dar es Salaam, akasema embe mafuta si neno, linaitwa parachichi. Bibi akamjibu kuwa hilo parachichi amelileta yeye na meli gani? Mtoto akacheka, akayashika maneno yote mawili. Baada ya wiki chache alikuwa akimwonya Handa kwa Kiswahili kila mnyama anapokaribia. Mchapishaji Mantra Lingua wa hapa London amekitoa kitabu hiki katika lugha mbili mbili, na Kiswahili kimo. Ombeni toleo hilo kwa jina.

Mama Panya's Pancakes cha Mary na Rich Chamberlin, picha za Julia Cairns, mwaka 2005. Mama anakwenda sokoni na senti chache kununua unga, na mwanawe Adika anamwalika kila wanayekutana naye. Mama anahesabu wageni na kutetemeka. Lakini wageni wanapokuja kila mmoja amebeba kitu. Mtoto aliyekisoma hiki hahitaji waadhi mrefu juu ya kukirimu.

My Rows and Piles of Coins cha Tololwa Mollel, mwandishi wa Kitanzania, picha za E. B. Lewis, mwaka 1999. Kijana Saruni anaweka akiba senti kwa senti ili anunue baiskeli, si ya kuchezea, bali ya kumsaidia mama yake kubeba mizigo ya sokoni. Anapokwenda dukani anakuta fedha zake hazifiki hata karibu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kitabu hiki ni cha kweli: kinaonyesha kuwa wakati mwingine kibaba ni kikubwa kuliko tulivyodhani, na hapo ndipo wazazi wanapoingia.

Kwa watoto wa miaka mitano na zaidi, vipo vitabu viwili vya Muriel Feelings na picha za Tom Feelings: Moja Means One, mwaka 1971, cha kuhesabu mpaka kumi, na Jambo Means Hello, mwaka 1974, cha herufi ishirini na nne za Kiswahili. Vyote viwili vilipata heshima ya tuzo ya Caldecott ya Marekani. Ni vitabu vya Wamarekani weusi walioitafuta Afrika kwa mapenzi, na picha zake zina haiba kubwa. Msistaajabu mkiona neno limetumiwa kwa namna ambayo sisi tusingelitumia. Mwulizeni mtoto: sisi tungesemaje? Hapo mtoto atakuwa mwalimu.

Kwa wasichana wanaokaribia umri wa kuvaa ushungi skuli, tafuteni The Proudest Blue, mwaka 2019, cha Ibtihaj Muhammad na S. K. Ali, picha za Hatem Aly. Ibtihaj ni Mmarekani aliyeshinda medali ya shaba ya timu katika mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akiwa amejifunika ushungi. Kitabu kinaelezwa na mdogo mtu anayemwona dada yake akivaa ushungi wa buluu kwa siku ya kwanza. Wapo wanaomcheka dada, na kitabu hakifichi hilo. Ndiyo sababu nakipenda: mtoto aliyekwisha ona dharau kitabuni, na kuona jinsi ya kuivuka, haikuti njiani bila ya silaha.

Tukiligeuza basi na kwenda Pinner, tunaingia katika mji wa wasanii wa watoto. Mshairi Michael Rosen alizaliwa Harrow mwaka 1946 na akalelewa Pinner. Kitabu chake We're Going on a Bear Hunt, pamoja na picha za Helen Oxenbury, kilitoka mwaka 1989, na skuli nyingi za hapa hukisoma. Jamaa wanavuka majani, mto, matope, msitu, theluji, na kuingia pangoni kumtafuta dubu. Msikitafsiri neno kwa neno. Mkichezeeni kwa tanakali zetu za sauti, ambazo Kiswahili kinazo kwa wingi. Mtu huanguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni topo. Mwachieni babu aifanye sauti, na mtoto aimalize. Baada ya kitabu, nendeni katika bustani ya Pinner Memorial Park, mna makumbusho ya Heath Robinson, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Mchoraji huyo aliishi Pinner kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na alisifika kwa kuchora mitambo ya vichekesho iliyofungwa kwa kamba na vigurudumu kufanya kazi ndogo kabisa. Aliyewahi kuona baiskeli ya fundi wetu ikinoa visu atazifahamu picha hizo mara moja.

KWA WAKUBWA: TRENI YA BAKER STREET

Watoto wamelala, sasa zamu yetu. Wengi mmeniambia mnapenda hadithi za upelelezi, lakini hamtaki damu, matusi wala mambo ya aibu ambayo mtu hawezi kuyaacha mezani kijana akayaona. Zipo, na Waingereza ni mabingwa wake: hadithi za upelelezi tulivu, ambamo mauaji hutokea nje ya macho, mpelelezi ni mtu wa kawaida mwenye akili, na mwisho haki husimama. Tena kwa anayejifunza Kiingereza hakuna mwalimu bora, kwani hamu ya kumjua mwenye hatia humvusha msomaji juu ya maneno asiyoyajua.

Pandeni Metropolitan hapo hapo Rayners Lane, na bila ya kubadilisha treni mtafika Baker Street, mtaa ambao Arthur Conan Doyle alimpa Sherlock Holmes nyumba. Holmes alionekana mara ya kwanza mwaka 1887, na sanamu yake imesimama nje ya stesheni tangu mwaka 1999. Lakini sikuwaleteni hapa kwa ajili ya Holmes. Nimekuleteni kwa ajili ya ndugu yake wa Unguja.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, ikachapwa mwaka 1960. Humo alituletea Bwana Msa, mtu wa kiko na utulivu, pamoja na rafiki yake Najum. Bwana Msa amechukua kwa Holmes kiko na hoja, lakini kila kitu kingine ni cha kwetu: mabaraza, mashamba, khofu za mizimu, na Kiswahili ambacho ukikisoma unasikia upepo wa kusi. Watu wanaposema kuwa kifo kimeletwa na mashetani, yeye huuliza nani alikuwa wapi na kwa saa ngapi. Baadaye vikaja Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976 na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwenye nakala yoyote kabatini asiiache iliwe na mchwa. Kijana wa miaka kumi na sita anayesema Kiswahili chake kimepooza, mpeni Mzimu wa Watu wa Kale. Khofu ya ukurasa unaofuata itamfanyia kazi ambayo sisi kwa kumgombeza hatukuiweza.

Kwa Kiingereza, anzeni na Agatha Christie. Bibi yake mpelelezi, Miss Marple, alitokea katika riwaya ya mwaka 1930, The Murder at the Vicarage. Ni mzee asiyeolewa, anafuma sufi, na hakuna anayemjali. Ndiyo maana huona kila kitu. Mabibi wa mitaani kwetu watamtambua. Tahadhari moja: Christie aliandika katika zama za ukoloni, na mara nyingine husema juu ya wageni na watu weusi kwa namna isiyopendeza. Someni mkijua hivyo.

Baada yake mchukueni Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. The No. 1 Ladies' Detective Agency, mwaka 1998, ni habari za Mma Ramotswe wa Botswana, aliyeuza ng'ombe wa urithi wa baba yake akafungua ofisi ya upelelezi. Kiingereza chake ni chepesi, na adabu yake ni ya Kiafrika: watu husalimiana kwanza. Kisha yupo Vaseem Khan, mzaliwa wa London, na The Unexpected Inheritance of Inspector Chopra, mwaka 2015, juu ya inspekta mstaafu wa Mumbai anayerithi mtoto wa tembo. Na wastaafu wenzangu wataburudika na The Thursday Murder Club cha Richard Osman, mwaka 2020, ambamo wazee wanne huchunguza mauaji kati ya chai na keki. Humo mna ulevi wa kijamii wa Kizungu, lakini mna pia upole juu ya uzee na kufiwa ambao ulinigusa.

JINSI YA KUANZA

Mtu asije akasema kazi ni nyingi. Dakika kumi kila usiku zatosha. Mtoto akae pajani, kitabu kiwe mikononi mwake, na mzazi aulize kwa Kiswahili: huyu nani, anafanya nini, wewe ungefanyaje? Akijibu kwa Kiingereza msimkaripie. Rudieni jibu lake kwa Kiswahili na endeleeni. Nimefundisha miaka mingi, na sijaona mtoto aliyeipenda lugha kwa kugombezwa.

Wenye watoto wachanga waulize maktaba au muuguzi anayetembelea nyumbani juu ya Bookstart, mpango ulioanza mwaka 1992 wa kuwapa watoto vitabu bure. Likizo ya kiangazi kuna Summer Reading Challenge, tangu mwaka 1999, ambapo mtoto huhimizwa kusoma vitabu sita kutoka maktaba. Wenye kompyuta watapata hadithi za Kiswahili zenye picha katika African Storybook, ulioanzishwa mwaka 2014, na wanaweza kuzichapa bila ya malipo. Na mnapokwenda nyumbani kutembea, katika ule mzigo wa mchele wa Mbeya, karafuu na kanga, tieni vitabu vitano. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia kutoa vitabu vya Kiswahili vya watoto, na mwaka huo huo ilianza nyumba ya vitabu ya Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Kitabu cha huko ni chepesi kuliko kilo ya mchele, na hakimalizwi kwa chakula kimoja.

La mwisho, nalo ndilo kubwa. Ombeni Kiswahili katika kaunta za Roxeth na Pinner. Ombeni mmoja mmoja, siku mbalimbali, kwa jina la kitabu na la mwandishi. Mkutubi hawezi kuleta kisichoulizwa. Bibi na mjukuu wa kitabu cha Handa walikuwa na bahati kwamba mtu aliwapelekea kitabu nyumbani. Katika mitaa yetu wapo mabibi wengi wanaokaa sebuleni na wajukuu wasioweza kuzungumza nao, na miaka ya mabibi haingoji. Mtoto akifika kumi na mbili hatakaa tena pajani.

Atakayekuwa na kitabu cha Bwana Msa cha kuazimisha, au anayekitafuta, aliandikie jarida hili, na jina la kitabu litatangazwa katika toleo lijalo inshaallah.

Wabillahi tawfiq.